Siku 14 Zilizo Pembeni mwa Jedwali

Mama mmoja mkulima wa mishiri (maharagwe ya kijani) alinishika mkono ndani ya agroveti mjini Runyenjes, akanipa chupa ya dawa ya wadudu. "Mwalimu, hebu nisomee, hizi herufi ni ndogo sana." Nilimwazima miwani yangu. Akasoma vizuri kabisa, neno kwa neno, kuanzia jina la dawa, na kufikia mstari wa tano akawa amechoka. Aliisoma lebo kama anayesoma barua.

Barua unaifuata kutoka salamu hadi kwaheri. Maandishi ya kutoa maarifa yamepangwa kama rafu za agroveti yenyewe: unakwenda moja kwa moja palipo na unachotafuta. Vichwa vidogo, maandishi mazito, michoro na majedwali ndiyo yanayokuonyesha rafu. Watoto wetu hufundishwa mambo haya kwa vitabu vya sayansi, na ni vyema, lakini maandishi mazito kuliko yote nyumbani kwao yamebandikwa kwenye chupa iliyo stoo.

Tazama kwanza ukanda wa rangi ulio chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali zaidi, kisha manjano, kisha buluu, na kijani ndiyo ya hatari ndogo. Wengi huona kijani wakadhani wanaweza kupiga dawa bila glavu. Lakini hatari ndogo bado ni hatari, na rangi inapima tu ukali wa sumu kwa mwili wa mtu. Haisemi lolote kuhusu lini mboga italiwa.

Ndani ya ukanda huo mna picha ndogondogo, na picha hizo zina sarufi yake. Kufuli humaanisha funga mbali na watoto. Upande wa kushoto utaona mkono unaochanganya dawa, na ndani ya fremu hiyo hiyo glavu au miwani: vaa hivi unapochanganya. Upande wa kulia yupo mtu aliyebeba pampu, naye ana fremu yake na mavazi yake. Picha ya samaki ni onyo kwamba mabaki yasimwagwe mtoni. Anayezitazama moja moja kama mapambo hataona kwamba fremu ndiyo inayounganisha kazi na vazi.

Kisha njoo kwenye jedwali, ambalo mara nyingi limo katika kijikaratasi kilichokunjwa na kugandishwa kwenye chupa. Hapa ndipo ninapokaa sana na wanafunzi wangu. Jedwali husomwa kwa njia mbili kwa pamoja: shuka na safu ya kwanza hadi upate zao lako, kisha tembea na mstari huo huo kwenda kulia. Mdudu, kipimo kwa pampu ya lita 20, halafu mwisho kabisa, pembeni, siku za kungoja kabla ya kuvuna. Pengine zimeandikwa kwa herufi tatu tu, PHI. Jicho likiteleza mstari mmoja, umechukua siku za kahawa ukazipeleka kwenye mishiri.

Kosa hilo lina uzito wake. Kahawa huvunwa kwa msimu, lakini mishiri ikishaanza kuzaa huchumwa mara mbili au tatu kwa wiki, kwa hiyo siku 14 za kungoja ni michumo minne au zaidi inayopotea. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima mabaki ya dawa katika shehena moja kati ya kila kumi za mishiri na minji kutoka Kenya, na wakulima wadogo ndio walioumia zaidi. Hata bila Ulaya, mishiri hiyo hiyo huliwa hapa kwetu.

Pale agroveti nilimwonyesha yule mama jedwali, naye akasoma tena, safari hii kwa kidole. Kilishuka hadi "mishiri", kikatambaa kulia, kikasimama kwenye 14. Akahesabu kimoyomoyo: gari la kuchukua mishiri lilikuwa linakuja Alhamisi. Akairudisha chupa kaunta, akamwambia kijana wa duka, "Niletee nyingine, nami nitaanza kusoma upande huu."