Pumzi ya Nyangumi Katika Bahari ya Barafu

Chombo kitokacho Ushuaia, mji ulio ncha ya kusini ya Argentina, huchukua siku mbili kuvuka Mlango wa Drake, bahari ya upana wa kilomita 800 hivi isiyo na nchi kavu ya kuzuia pepo wala mawimbi. Na aghalabu abiria waliojisifu bandarini ndio wa kwanza kujilaza wakiomba dua. Siku ya tatu milima ya theluji ya Rasi ya Antaktika hudhihiri, na apandaye sitahani alfajiri humkuta mlinzi amekwisha simama na darubini, hatafuti mwili wa nyangumi bali pumzi yake.

Pumzi hiyo ndiyo elimu ya kwanza ya msafara. Nyangumi si samaki. Ana mapafu kama sisi, na atokapo kilindini hutoa hewa kwa nguvu, ikageuka ukungu. Nyangumi wa buluu huurusha wima hata kufikia mita 9. Wa nundu hutoa ukungu mfupi, mnene kama kichaka. Ama yule mwenye kichwa kikubwa, ambaye tumboni mwake hutoka ile ambari iliyowaleta wafanyabiashara wa Kiarabu pwani yetu tangu karne ya 10, pumzi yake huinama mbele na kushoto, kwani pua yake imekaa upande. Adhama hiyo, lakini, ni ya macho tu: upepo ukigeukia chomboni, harufu ya kamba waliovunda huwafikia wote bila kubagua tajiri na maskini, ingawa maskini, kwa nauli ile, hayumo.

Anayeonekana sana katika kiangazi cha huko, Desemba hata Machi, ni nyangumi wa nundu, ambaye mtu mzima wake hufikia mita 15, naye huja kula krili, kiumbe mfano wa kamba asiyezidi kidole cha mtu. Pengine huzama wawili watatu pamoja, wakazunguka chini wakipuliza mapovu, nayo yakapanda kama uzio wa wavuvi hata krili wakazingirwa, kisha wenyewe wakaibuka katikati, vinywa wazi. Azamapo huinua mkia, ambao mabaka yake meupe na meusi hayafanani na ya mwenziwe. Kwa hiyo abiria huombwa picha zao zitiwe katika daftari la wataalamu, ili nyangumi huyo atambuliwe akionekana tena pwani ya Kolombia au Ekwado, aendako kuzaa.

Njiani merikebu huingia kisiwa cha Deception, ambako matangi ya Wanorwe, waliochemsha mafuta ya nyangumi hapo hadi 1931, yangali yakila kutu juu ya mchanga mweusi. Uwindaji wa biashara ulisitishwa 1986. Kabla ya hapo, mwandalizi wa safari Lars-Eric Lindblad alikuwa amekwisha kupeleka watalii Antaktika tangu 1966, na leo sheria ni kwamba watu wasiozidi 100 washuke pwani kwa mara moja.

Jamaa za nyangumi hao wa nundu walao upande wa Bahari ya Hindi hupanda kaskazini majira ya kusi, wakapita Msumbiji na Tanzania hata Kenya. Na kati ya Julai na Septemba mvuvi wa Watamu, asiyelipa nauli ya mtu, huiona pumzi ile ile akiwa ndani ya mtumbwi wake.