Seva ya Git Ofisini Kwenu

Waandishi wa programu wanaofanya kazi pamoja wana haja ya mahali pa kutunzia kila toleo la kazi yao, na wengi hukimbilia kampuni za nje. Si lazima. Kompyuta ya zamani yenye Linux, ikichomekwa kwenye ruta ya ofisi, inatosha. Bando likikata, kazi inaendelea.

Hili linawezekana kwa jinsi Git, programu ya kutunza matoleo, ilivyoundwa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kuiandika Aprili 2005, baada ya wanaoijenga Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu ya kutunza matoleo waliyokuwa wakiitumia. Katika Git, kila mtu hubeba historia nzima kwenye mashine yake. Seva haina ukuu; ni kituo tu ambacho wote wamekubaliana kukutania.

Sakinisha Git na OpenSSH, programu ya kuingilia mashine kwa usalama kupitia mtandao, fungua akaunti iitwayo git, kisha kila mwenzako akupe ufunguo wake wa umma uuweke kwenye faili la authorized_keys. Ule wa siri abaki nao mwenyewe. Ukiwa ndani ya akaunti hiyo, kwenye folda inayomilikiwa nayo, andika:

git init --bare mradi.git

Usiache --bare. Ndiyo inayofanya folda ibebe historia peke yake, bila mafaili ya kufanyia kazi ambayo yangepishana na kile wenzako wanachotuma. Mwisho, ipe akaunti git-shell kuwa shell yake ya kuingilia, ili mwenye ufunguo aweze kutuma na kuchukua kazi, asiweze kuzurura kwenye mashine.

Wenzako wakishatuma kazi, fungua folda ya objects iliyo ndani ya mradi.git uone uzuri wenyewe. Kila faili na kila toleo limepewa jina linalokokotolewa kutokana na yaliyomo, kwa kawaida herufi na tarakimu 40 za kanuni ya ukokotoaji ya SHA-1. Ukibadili nukta moja, jina lote linageuka. Na kwa kuwa kila toleo limebeba jina la lililotangulia, mtu hawezi kuchokonoa kazi ya mwaka jana bila majina yote yaliyofuata kubadilika. Diski ikianza kuharibu data, amri ya git fsck itakuonyesha palipoharibika.

Seva ikifa kabisa, mwenye nakala ya karibuni anaweza kuijaza mpya. Hata hivyo, nakilini folda za seva kwenye diski ya nje kila usiku: funguo na mipangilio yake havimo katika nakala za wafanyakazi.