Mtunguja na Mnavu: Jina la Mmea na Sumu Yake

Kamusi nyingi hueleza mmea kwa maneno machache, kwamba ni aina ya mti mdogo wenye matunda. Maelezo hayo huenda yakatosha kwa mti wa kivuli, lakini hayatoshi kwa mmea uwezao kudhuru. Mfano ulio wazi ni mtunguja na mnavu, mimea ya mwituni ambayo wataalamu huiweka katika jenasi moja ya Solanum, pamoja na nyanya na bilingani.

Mtunguja, yaani Solanum incanum kama Linnaeus alivyouita mwaka 1753, ni kichaka chenye miiba na maua ya zambarau. Tunda lake, tunguja, ambalo wengine huliita ndulele, ni la mviringo. Likiiva huwa la manjano. Hustawi kandokando ya njia na katika malisho yaliyochakaa, kwa kuwa mifugo huuepuka. Tunda lina alkaloidi chungu, miongoni mwake solasonini, nalo likiliwa laweza kuleta kutapika na kuhara. Hata hivyo waganga hutumia mzizi wake kwa maumivu ya jino. Basi kiambishi m- kikiondolewa, msemaji hutoka kwenye mti wa dawa akaingia kwenye tunda la sumu. Tena Unguja nyanya huitwa tungule, neno lililo karibu mno na tunguja katika sikio la mgeni.

Mnavu nao ni mboga inayopendwa. Majani yake hupikwa, bali tunda lake bichi la kijani lina solanini, ambayo hupungua sana tunda liivapo na kuwa jeusi. Moto wa jikoni hauiangamizi solanini kwa urahisi. Sehemu yake huyeyukia majini, na mpishi amwagaye maji ya kwanza hupunguza uchungu na madhara pamoja.

Matatizo huzidi katika tafsiri. Jina la Kiingereza litumikalo kwa mnavu huitwa pia Atropa belladonna, mmea wa Ulaya wenye atropini, sumu kali. Asomaye tafsiri hiyo peke yake aweza kuogopa mboga njema, au kuamini tunda baya.

Kwa hiyo mkusanyaji wa msamiati yampasa aandike jina la kisayansi, mahali jina litumikapo, sehemu ya mmea iliyokusudiwa, na kama tunda ni bichi au bivu. Bila hayo, neno limehifadhiwa, lakini ujuzi wa wenye neno umepotea.