Mtoto anasoma au anakariri?

Juzi katika mwaka wa pili tulifunika picha za kitabu kwa karatasi. Watoto waliokuwa "wanasoma" vizuri wakanyamaza. Walikuwa wameshika ukurasa mzima kichwani, na kosa ni letu walimu: kila siku tuliwaimbisha wote pamoja.

Sasa tunaanza na silabi, ma, me, mi, kisha neno, kisha sentensi fupi. Mwalimu anasoma, tunasoma wote, halafu kila mtoto peke yake, mara tatu, mpaka aache kukwama.

Nyumbani, hata mama asiyejua kusoma anaweza kusaidia. Onyesha neno la katikati ya mstari, uliza: "Hapa wameandika nini?" Tazama macho yake. Yakienda kwenye paa, bado anakumbuka tu. Dakika 10 zinatosha, kabla ya giza. Umeme wetu mnaujua.