Tai wa Divisheni ya 101

Nembo ya Divisheni ya 101 ya jeshi la Marekani, iliyopata umaarufu kwa askari wake wa miavuli, ni kichwa cha tai juu ya ngao nyeusi. Kichwa ni cheupe, mdomo wa rangi ya dhahabu uko wazi, na ulimi mwekundu unaonekana. Mdomo huo ndio uliowapa askari jina la Tai Wapiga Mayowe.

Tai huyo, wa ukoo wa furukombe, aliishi kweli. Mwaka 1861, huko Wisconsin, Waojibwe walimtoa kiotani na kumbadilisha kwa mahindi. Baadaye akafika Rejimenti ya 8 ya Wisconsin, akaitwa Old Abe kwa heshima ya Rais Abraham Lincoln. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alibebwa juu ya mti kando ya bendera, hata risasi zikirindima, kule Corinth na Vicksburg. Alikufa mwaka 1881, baada ya kuvuta moshi wa moto uliozuka katika jengo la serikali ya jimbo alimotunzwa.

Divisheni ilipoundwa upya mwaka 1921 kama jeshi la akiba, makao yake yalikuwa Milwaukee, Wisconsin. Ndiyo maana ikamchukua tai wa nyumbani. Maelezo rasmi husema ngao nyeusi ni kumbukumbu ya Brigedi ya Chuma, iliyosifika kwa kofia zake nyeusi, na kwamba Old Abe alikuwa wa mojawapo ya rejimenti zake. Hapo historia inakataa: brigedi hiyo ilipigana mashariki, na rejimenti ya Old Abe haikuwa sehemu yake. Kosa hilo linastahili kutajwa, kwa kuwa ushujaa wa tai hauhitaji kuazima wa wengine.

Mwaka 1942 divisheni ikawa ya askari wa anga, na juu ya ngao kikaongezwa kitambaa cha upinde kinachotaja kazi hiyo.

Kabla ya kushuka Normandy mwaka 1944, kofia za chuma zilichorwa alama za karata ili waliotawanyika gizani watambuane: shupaza kwa Rejimenti ya 506, kopa kwa ya 502, uru kwa ya 501, pau kwa ya 327, iliyokuwa rejimenti ya ndege zisizo na injini. Alama ndogo pembeni ilitaja batalioni: kulia ya kwanza, chini ya pili, kushoto ya tatu. Kopa na pau zingali kwenye kofia za divisheni hiyo. Tai naye, kwenye sare za mapigano, hushonwa kwa rangi zilizofifia ili asivute jicho la adui.