Vifuko vya Seli na Sindano ya Ujana

Leo naanza na swali la mama mmoja anayemtunza mama mkwe wake. Magoti ya nyanya huyo yamechoka, hata kwenda msalani ni safari. Sasa ameambiwa kuna sindano ya eksosomu inayorudisha ujana, lakini kwa bei hiyo itabidi auze ng'ombe. Je, auze?

Akina mama, kwanza tukielewe kitu chenyewe. Mwili umejengwa kwa seli, vijichumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli hizi huwasiliana. Wajua vile unavyomtumia mama yako kifurushi kwa matatu: sukari, majani chai, na ndani yake kikaratasi cha maneno mawili matatu? Seli nayo hufanya hivyo. Hufungasha protini na maagizo ndani ya kifuko chenye ngozi ya mafuta, kisha hukiachilia nje, na damu hukibeba hadi kwa seli nyingine. Eksosomu ni aina mojawapo ya vifuko hivyo. Ni vidogo ajabu. Ukipanga mia kwa mstari, hujafikia unene wa unywele mmoja. Vimo katika damu, mate na mkojo, na hata katika maziwa unayomnyonyesha mtoto.

Mwaka wa 1967 mtafiti Peter Wolf wa Uingereza alivieleza akiviita vumbi, na kwa miaka mingi wengi walidhani ni taka tu za seli. Mwaka wa 2007 wanasayansi wa Sweden walionyesha kwamba ndani yake mna maagizo ambayo seli inayopokea inaweza kuyasoma na kuyafuata.

Uzee unaingia wapi hapo? Baadhi ya seli zikichakaa hazifi. Hukaa tu mwilini, zikituma vifuko vyenye ujumbe wa kuchokoza seli jirani na kuleta uvimbe. Vifuko vya mwili mchanga hubeba ujumbe tofauti. Mwaka wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, walichukua vifuko kutoka damu ya panya wachanga wakawapa panya wazee. Wazee wale walichangamka, wakaishi muda mrefu kuliko wenzao. Ni habari njema, nami nimeifurahia. Lakini panya si nyanya.

Hapo ndipo wafanyabiashara waliporukia. Mwezi wa Desemba 2019, idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, FDA, iliwaonya wananchi baada ya wagonjwa katika jimbo la Nebraska kudhurika vibaya kwa bidhaa zilizodaiwa kuwa na eksosomu. Hadi leo idara hiyo haijaidhinisha hata moja. Sababu ni wazi. Kifurushi ambacho hujui kimefungwa na nani kinaweza kubeba viini vya magonjwa. Tena seli za saratani nazo hutuma vifuko vyao, vikazitayarishie mahali pa kuenea.

Kwa hiyo mama, ng'ombe abaki zizini. Mpeleke nyanya akapimwe magoti, presha na sukari, na umwulize daktari kuhusu mazoezi yanayomfaa. Mtu akifanya mazoezi, vifuko huongezeka katika damu yake mwenyewe, bila senti. Hata kuinuka kitini na kuketi tena, mara chache asubuhi na jioni, huku umemshika mkono, ni mazoezi. Kwenye sahani yake usisahau maharagwe, omena au yai, maana misuli ya mzee hupungua upesi.

Na huyo muuzaji akirudi, mwulize kama dawa yake imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na seli zilizotoa vifuko hivyo zilikuwa za nani. Msubiri ajibu.