Lugha iliyowafungulia mlango Mombasa yawaponza ughaibuni

Filamu fupi kuhusu wahamiaji wanaovuka mipaka kwa kuhatarisha maisha zimetuzoesha jangwa la Sahara na Bahari ya Mediterania. Wenyeji wa Mji wa Kale, Mombasa, hawana haja ya kutazama mbali hivyo.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, wakazi wa Barawa na Wabajuni wa visiwa vya kusini mwa Somalia waliporwa na wanamgambo, kwani hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwalinda. Bara kulikuwa na mapigano. Njia iliyobaki ilikuwa bahari. Pepo za kaskazi, zile zile zilizoleta majahazi ya biashara katika Bandari ya Kale kwa karne nyingi, ziliwasukuma zaidi ya kilomita 700 kutoka Barawa hadi Mombasa. Vyombo vilijazwa kupita kiasi. Mwishoni mwa Februari 1991 kimoja kilizama karibu na Malindi, na zaidi ya watu 100 wakafa maji.

Waliofika salama walikuta watu wanaoelewana nao. Chimwini, lugha ya Barawa, ni jamaa wa karibu wa Kiswahili: Mbrawa akisema "chisu", mwenyeji wa Mombasa husikia kisu. Kibajuni nacho husemwa pia upande wa Kenya, katika visiwa vya Lamu hadi Kiunga. Baadhi walipokewa na jamaa zao mjini. Wengine waliishia katika kambi kama Benadir na Utange. Kambi hizo zilipofungwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, kuna waliohamishiwa Kakuma na waliokwenda Uingereza na Marekani.

Huko ndiko ujamaa huo wa lugha ulikogeuka kitanzi. Maafisa wa uhamiaji walijiuliza: huyu asemaye Kiswahili ni raia wa Somalia kweli, au ni Mkenya wa Lamu? Sauti za waombaji hifadhi zikarekodiwa na kupelekwa kwa wachambuzi wa lafudhi. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa mwongozo mahsusi kuhusu uwezo wa Mbajuni kusema Kibajuni.

Kasoro ya kigezo hicho iko wazi kwa yeyote aliyelelewa pwani. Lafudhi huonyesha mtu alikokulia, si alikofukuzwa. Mtoto aliyeingia kambini Mombasa akiwa na miaka 3 na kutoka akiwa na 9 atasema Kimvita cha wenzake, wala si Kibajuni cha kisiwa cha Chula alikozaliwa. Cheti cha kuzaliwa naye hana, kwa kuwa ofisi za serikali ya Somalia zilisambaratika mwaka huo huo wa 1991.